Zaburi ya Saba na Maziwa ya Jirani

Jumatatu, 8 Septemba

Chupa imerudi tupu tena. Nimeiinua nikaiangalia kwenye mwanga wa dirisha la ngazi, hata tone. Nimefurahi peke yangu pale kama mtu aliyeokota kitu.

Maziwa yale nayakamua stoo ya jikoni, shuleni kule Kizingo, katikati ya magunia ya mchele, mgongo nimeuegemeza mlangoni asije akaingia mtu. Watoto wa watu wanagonga sahani wanataka chapati, mimi nakamua. Nayaweka kwenye friji ya wapishi, jioni narudi nayo, asubuhi naiacha chupa chini kwa Swabaha pamoja na Mumo na nepi zake. Mwanzo alikuwa akiikataa chupa kama sumu. Sasa anamaliza. Nimemwambia baba yake, mtoto amekua huyu. Mutunga akasema, mm. Ametoka gatini Mbaraki na vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi, sikumlaumu.

Lakini kuna kitu. Nakiandika hapa maana nikimwambia Mutunga atacheka. Mumo ananukia udi. Nywele, shingo, nyuma ya masikio. Nikimbusu ni kama nambusu Swabaha. Leo nimemwogesha mara mbili na harufu haikutoka.

Swabaha ni mkaza mwana wa Bi Ummukulthum, mwenye nyumba. Wao chini, sisi juu kabisa. Ana msichana wake, Mahira, amepishana na Mumo mwezi mmoja. Alisema mwenyewe, niachie, wawili wanalelewa kama mmoja. Nilimshukuru Mungu siku ile. Mikono yake laini, ina hina mpaka vidoleni. Yangu inanuka vitunguu.

Nikishuka kumchukua jioni, Mumo ananitazama mimi, kisha anamtazama yeye, kisha ndio ananyoosha mikono. Ile kisha ya katikati. Hiyo ndiyo inayoniuma.


Jumatano, 10 Septemba

Nimejaribu kusoma Zaburi yangu wakati wa mapumziko. Kwetu kanisani kila mama hupewa Zaburi yake aifungue mbele ya wenzake — aisome, aeleze. Zamu imenifikia. Mama Nasipwondi, mwenyekiti wetu, amenipa ya saba, siku ni Jumamosi tarehe ishirini na saba. Nikamwambia mama, mimi nimeishia kidato cha nne, na hicho chenyewe nilikipita kwa kuruka ua. Akasema, Roho haulizi cheti.

Sijaelewa kitu. Daudi anakimbizwa. Anaogopa atararuliwa kama na simba. Anamwambia Mungu ainuke na hasira yake, aamue, awatenge wenye haki na wabaya. Kuna upanga unanolewa, upinde umevutwa. Kuna mtu kachimba shimo.

Nimempigia Mama Nasipwondi nikamuuliza, mimi nina adui gani? Mpishi mkuu, labda. Nitawaambia nini watu?


Alhamisi, 11 Septemba

Maji yamekatika shuleni. Saa tano tumeambiwa twende nyumbani.

Nimekuja mbio. Nilijiambia leo nitamnyonyesha Mumo mchana, kitu ambacho sijafanya tangu nirudi kazini. Kifua kimejaa, blauzi imelowa, nimefunika na leso. Nikapiga hodi huku naingia, kama kawaida yetu.

Swabaha ameketi mkekani, mgongo ukutani. Mahira kalala pembeni. Aliye kifuani ni Mumo. Ananyonya ziwa la kushoto, macho nusu yamefumba. Na mkono wake unachezea sikio la Swabaha.

Sikio. Hilo ni langu. Mumo akinyonya hushika sikio langu alikunjekunje, tangu ana miezi mitatu. Nilidhani ni sikio langu tu duniani.

Karibu na mtungi paka alikuwa anaramba kisahani. Cheupe ndani. Chupa yangu imelala ubavu, kifuniko pembeni. Sikuhitaji kuuliza na nikauliza.

Swabaha hakumtoa mtoto. Alisema, mbona mapema, Mama Mumo, karibu ukae. Kisha akaona uso wangu. "Chupa haitaki," akasema. "Tangu siku ya kwanza haitaki. Yuwaona ndaa, yualia hata sauti ikamkauka. Na mimi ninayo. Ningalifanyaje, dadangu?"

"Ungeniambia."

"Ningekwambiaje, na wewe kila jioni waitazama ile chupa wafurahi?"

Sijui kama mtu amewahi kunipiga kofi likaniingia namna hiyo. Na alisema kwa upole.

"Na paka?"

"Maziwa ya mama hayamwagwi shimoni. Yule angalau ni kiumbe."

Bi Ummukulthum akatoka chumbani, tasbihi mkononi, akaketi kwenye kiti chake cha kusuka. Yeye alidhani nimekuja kuulizia mambo ya sharia. Akanieleza vizuri kabisa, kama anayenipa habari njema. Mtoto akishanyonya akashiba mara tano kwa mama mwingine, basi maziwa yamekuwa undugu. Mumo ameshapita hapo zamani. "Ni nduguye Mahira. Hawezi kumwoa."

"Nani amesema atamwoa, Bi? Hata meno hajamaliza kuota."

"Nakwambia tu, mwanangu, usije ukasahau. Na akiwa baleghe aingia humu bila hodi. Swabaha hamfungii buibui. Ni mwanawe."

Ni mwanawe.

Nikamtoa mwenyewe kifuani. Ziwa likabaki linatona. Nilimpandisha ngazi akilia, kichwa kimegeukia chini. Juu nilimpa langu, akavuta mara mbili, akalala. Alikuwa ameshiba. Niliyakamua ya mchana kwenye sinki.

Mutunga jioni: kwa hivyo ana mama wawili, wengine hata mmoja hawana. Nimempa chakula cha baridi.


Ijumaa, 12 Septemba

Nimempeleka Mumo Mbaraki kwa Mama Nasipwondi. Ana mpwa wake pale, msichana mkubwa, atakaa naye.

Swabaha alikuwa mlangoni mikono tayari, Mahira ubavuni. Nikasema leo hapana. Sikueleza. Akasema haya. Nikasikia nyuma yangu, kheri inshallah.

Nilimweleza Mama Nasipwondi yote pale mlangoni kwake, nikalia. Alinisikiliza akichambua sukuma. Akasema, "Amemnyonyesha mtoto wako kwa siri, akakudanganya na chupa, wakamfanya wao kwa sheria yao. Na juzi ukaniuliza adui yako ni nani. Mungu alikupa silaha kabla ya vita, Mama Mumo. Uisome alfajiri, kinywa hakijagusa chai. Utaje jina. Anzia pale Daudi anapomwambia Bwana inuka. Huko juu ni utangulizi."


Jumapili, 14 Septemba

Sasa naielewa. Yote.

Kuna pale anaposema mtu mbaya ana utungu, amebeba mimba ya madhara, akajifungua uongo. Nilicheka peke yangu. Daudi alijua wapi mambo ya utungu? Lakini ndivyo. Zile chupa tupu ni mtoto wa nani? Ni uongo, umezaliwa, umelelewa, na mimi nikaupakata nikafurahi nao.

Nasoma dirishani wakati adhana ya alfajiri inamalizika. Msikiti uko mgongoni mwa nyumba, lazima nisubiri imalizike ndipo nisikie sauti yangu. Nasoma kuanzia inuka. Nikifika kwenye upinde nataja jina. Swabaha. Kwa sauti ndogo. Chini yangu sakafu mbili, mwenye jina anafungua dirisha aanze kuswali.

Sikuomba afe. Nimeomba tu ajue inavyouma.


Jumanne, 16 Septemba

Mumo hanukii udi tena. Ananukia mafuta ya taa ya jiko la Mama Nasipwondi.

Yule mpwa anasema ametupa chupa mara nyingi, anakula uji kijiko kimoja kimoja akiwa amelia mpaka amechoka. Shingo imepungua. Usiku mzima ananyonya, anafidia mchana. Leo nimesinzia nimesimama, maharage yameungua chini, mpishi mkuu amenigombeza mbele ya vijana.

Najiambia atazoea. Watoto huzoea. Alimzoea yule, atazoea na hii.

Jioni nikipita uani, Swabaha ameketi na Mahira. Akaita, "Mumo." Mara moja, taratibu. Mumo akageuka mzima mzima, kama mmea unaofuata jua. Nikamfunika kichwa na leso kana kwamba kuna upepo. Hapakuwa na upepo.

Asubuhi hii pia nimesoma.


Alhamisi, 18 Septemba

Pampu ya maji imeibwa uani. Nyumba nzima inachota kwa ndoo.

Nilikuta watu wamemzunguka Bi Ummukulthum kwenye kiti chake. Jirani wa mkabala, yule fundi wa milango, ndiye aliyekuwa na moto. Isomwe Halbadiri, Bi. Wasomi wakae, jina la mwizi wasilijue, kisomo kitamjua. Kabla ya Ijumaa ya pili tumbo litamvimba, atakuja na pampu kichwani mwenyewe. Wengine wakasema naam.

Bi akasema, "Mimi nimeona ikisomwa. Nyinyi mumesikia tu."

Fundi akasema, kwani wewe ndiye uliyeiba, waogopani? Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, kisha akamjibu kama mtu anayemfundisha mtoto. "Halbadiri haiulizi nani ameisomesha. Huuliza nani mkosa. Ukiifungua, wewe ndiwe wa kwanza kusimama mbele yake, kabla ya mwizi. Ndipo wazee wetu mtu akitaka kusoma walimuuliza kwanza: na wewe, huyu mtu hukumdhulumu? Na mwaka mzima huu hukumdhulumu mtu? Ukikaa kimya, wafunga msahafu waenda zako. Pampu hununuliwa nyingine."

Ndoo yangu ilikuwa inajaa. Nikauliza, ili niseme kitu tu, Swabaha yuko wapi leo.

"Yu ndani. Hajiwezi. Homa, na ziwa limemvimba."

Maji yakamwagika juu ya miguu yangu.

"La upande gani?" Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"La kushoto."


Ijumaa, 19 Septemba

Sikusoma leo. Nilikaa na Biblia imefungwa, adhana ikapita, kukapambazuka.

Ni mimi. Nimemtaja jina kwenye upinde. Upinde ukaenda ukapiga palepale.

Kisha, nakiri hapa tu, kuna kona ndogo ndani yangu iliyosema: basi ana mamlaka, Mungu wangu. Kona hiyo ilifurahi. Naijua iko wapi, kama unavyojua jino bovu liko wapi.


Jumamosi, 20 Septemba

Mutunga yuko zamu. Mumo amelala mapajani. Nimeisoma Zaburi kutoka juu, kutoka pale pa utangulizi. Hiki ndicho kilichoko.

Kabla hajamwambia Mungu inuka, Daudi anajitoa kwanza yeye mwenyewe. Anasema hivi, kwa maneno yangu: Bwana, kama nimefanya jambo hili, kama mikononi mwangu mna uovu, kama nimemlipa mabaya mtu aliyekaa nami kwa amani, basi adui anifukuze mimi. Anikamate. Anikanyage chini. Heshima yangu ailaze vumbini.

Nimerudia mara nyingi. Mtu aliyekaa nami kwa amani. Aliyesema niachie, wawili wanalelewa kama mmoja.

Huu si utangulizi. Huu ndio mlango. Bi Ummukulthum angeniuliza: na wewe, huyu mtu hukumdhulumu? Mimi nilipita dirishani, nikaenda moja kwa moja kwenye upanga.

Na yeye? Hakunidanganya? Alinidanganya. Sitaki kujifanya malaika. Alininyima mchana wa mwanangu, akanipa chupa tupu nichezee. Hilo pia liko.

Lakini Daudi hasemi, Bwana, kama yeye. Anasema, kama mimi.


Jumapili, 21 Septemba

Baada ya ibada nilimshika mkono Mama Nasipwondi nje, karibu na viti vya plastiki. Nikamwambia ile sehemu ya juu ndiyo inanisumbua.

"Hiyo ni ya Daudi. Daudi alikuwa msafi, ndiyo maana alithubutu. Wewe endelea chini."

"Na mimi ni msafi?"

"Kwani wewe umefanya nini?"

Akina mama walikuwa wanapita wakitusalimu, Bwana asifiwe, Bwana asifiwe. Akanipapasa bega. "Usiingiwe na huruma ya shetani, Mama Mumo. Wakati Mungu anapiga usimshike mkono." Si mtu mbaya huyu mama. Wiki yote amenishikia mtoto analia. Ndiyo maana inakuwa ngumu.

Nyumbani nimemkuta Bi Ummukulthum ameketi kwenye ngazi ya kwanza, anamtikisa Mahira anayelia. Swabaha amerudishwa hospitali leo mara ya pili. Nikasimama. Lazima upite pale kupanda kwetu.

Bi alisema bila kunitazama, anatazama mtoto. Daktari kawauliza, kuna mtoto aliyeachishwa ghafla? Maana maziwa yalikuwa ya wawili, mnywaji kabaki mmoja. La kulia Mahira alitaka. La kushoto halijui, hajapata kulinyonya. "Lilikuwa la Mumo," akasema.

Nikasema pole, Bi.

Akasema, "Tushapoa." Kisha akainuka nusu ili nipite.


Jumatatu, 22 Septemba

Kwa hivyo si Zaburi.

Ingekuwa Zaburi ningeweza kuiomba irudi. Mungu angenisikiliza, ana huruma. Lakini hii ni mimi, Ijumaa asubuhi, nimesema leo hapana nikapita. Maziwa yalikuja saa yake, kama yangu yanavyokuja stoo kati ya magunia. Najua maumivu hayo. Siku niliyochelewa kukamua, nilishika ukuta. Najua, na sikufikiria kamwe kwamba yeye naye ana kifua.

Kama mikononi mwangu mna uovu. Nimeitazama mikono. Vitunguu.


Jumatano, 24 Septemba

Nimepika uji wa wimbi, mzito, na maziwa na pilipili manga kidogo, nikautia kwenye bakuli yangu ya bluu, nikauacha mlangoni kwao. Nikapiga hodi, nikapanda kabla hajafungua mtu. Uoga. Lakini nimepeleka.

Jioni bakuli imerudi. Mtoto wa jirani kaileta. Imefunikwa kitambaa, ndani mahamri manne na tende. Nyumba ina mgonjwa, kuna mtoto analia, pampu imeibwa, na bado chombo cha mtu hakirudi kitupu.

Nimekasirika! Nimekasirika kweli. Hata akiwa na homa ananishinda. Mimi namtaja kwa jina mbele ya upinde, yeye ananirudishia mahamri. Mutunga amekula matatu, akauliza ni ya nani matamu hivi. Nikasema nunua lako sokoni.

La nne nimelila mimi. Yana iliki. Ni matamu, ndiyo.

Wivu haujaisha. Ningependa kuandika kwamba umeisha tangu nielewe Zaburi. Nilidhani kuelewa ni kama kuoga.


Ijumaa, 26 Septemba

Kesho ndiyo siku yangu. Saa nane. Nimejaribu kuandika nitakachosema, nimeandika mistari miwili nikafuta.

Nikisema yale Mama Nasipwondi anataka, watasema amina na makofi. Kila mama pale ana mtu wake wa kumsomea. Yupo ana mke mwenza, yupo ana wifi, yupo ana mpangaji. Wanangoja nifungue.

Nikisema ya mlango, itabidi nieleze nimejuaje.

Nimepita chini. Nimesikia Swabaha akilalamika ndani, sauti ya mtu aliyeuma kitambaa. Mumo alikuwa mgongoni. Alinyamaza, akainua kichwa. Nilihisi moyo wake kwenye uti wa mgongo wangu. Nikapanda haraka.


Jumamosi, 27 Septemba

Asubuhi. Nimefua. Mutunga gatini. Mumo alilala baada ya uji.

Nikasikia mtu anapanda ngazi, pole pole, anapumzika kila kituo. Kwetu juu huku hapandi mtu ila sisi. Nilifungua nikamkuta Bi Ummukulthum ameshika ukuta, anahema, buibui limemteleza begani. Hajapanda ngazi hizi tangu aumie nyonga, mimi hata sijahamia hapa.

Nikasema, Bi, ungeniita nikashuka! Shikamoo. Akanyoosha mkono, nikamkalisha kwenye kile kistuli cha jikoni. Alikunywa maji yote kwanza. Hakuharakisha.

Ndipo akasema. Ziwa limekuwa gumu kama jiwe la kusagia. Mashine ya kukamua imeshindwa. Mahira akisogezewa ageuza uso. Daktari kasema mtoto mwenye nguvu, aliyelizoea, ndiye dawa. Likishindikana Jumatatu watalipasua. Nimeuliza kama maziwa hayo hayatamdhuru Mumo. Akasema nilimuuliza daktari hilo kabla hujaniuliza, kasema hayamdhuru, tena ni vyema, na nyinyi mwaweza kumpigia simu.

"Swabaha hajui nimekuja," akasema. "Amenikataza. Asema: mtoto ni wake, nimekosa sikumwambia, nisimwombe tena."

Nimekosa sikumwambia. Wiki mbili na zaidi nimengoja maneno haya. Nilikuwa nimeyaandalia mahali. Yamekuja na hayakukaa pale.

"Mimi sikuja kumtetea mtu," Bi akasema. "Wala sikuja kukuhukumu, mwanangu, nimechoka. Nimekuja kukuomba mtoto."

Nikasema amelala.

Akatazama kitandani. Akasema, nimemwona.

Nikasema, akiamka nitamshusha.

Akasema vyema. Akainuka, hakutaka nimshike. Ameshuka akiwa ameketi, ngazi moja moja, kama Mumo anavyofanya. Nilisimama juu mpaka nikasikia mlango wao.

Sasa ni saa sita kasoro. Nimeketi hapa na kalamu. Nguo yangu ya kanisa imening'inia mlangoni, nimeipiga pasi. Mama Nasipwondi amepiga simu, sikushika, amepiga tena.

Naona nitakavyoketi. Yeye ukutani, mimi mkekani, mbele yake. Mimi ndiye nitakayemweka kifuani mwake, kwa mikono hii. Nitamwona akifumba macho. Nitauona mkono ukipanda kutafuta sikio. Nikiweza hilo naweza kufungua Zaburi yoyote. Sijui kama naweza. Nasema kweli, sijui.

Bwana, unaipima mioyo na viuno, ndivyo ilivyoandikwa. Pima basi. Usinipimie kwa macho yangu, mimi nimejipendelea.

Mumo ameamka.

Ameamka kitambo, nilimwona tangu nilipoandika nguo ya kanisa. Hajalia. Amelala chali ananitazama, anashika sikio lake mwenyewe. Nimewaza: nikimnyonyesha mimi sasa, atashiba, atalala tena, nami nitakuwa sijasema uongo. Kifua kimejaa. Itachukua dakika kumi tu.

Huko chini mtu amefungua dirisha. Harufu ya udi imepanda.

Mumo amegeuza kichwa.

Leso ya kumbebea nimeiweka wapi.